Maharagwe yanangoja bei, minervali haingoji

Mavuno ya msimu A yanapoiva, kati ya Januari na Februari, maharagwe hushuka kutoka vilima vya Masisi, katika Kivu Kaskazini, hadi masoko ya Kitchanga, Mweso na Sake kwa wingi unaoporomosha bei. Mfanyabiashara mwenye pesa hununua, hufunga mlango wa depo, kisha husubiri wakati wa kupanda ambapo mkulima yuleyule atarudi kununua mbegu kwa bei nyingine. Mwanafunzi naye hununua, maana amezaliwa huko na anajua gunia la nani lina mchanga na la nani halina. Kungoja ndiko asikoweza. Mitihani ya muhula wa kwanza huangukia wakati huohuo, na asiyekamilisha awamu ya minervali, yaani ada ya masomo, hubaki mlangoni wenzake wakiandika. Basi anauza harakaharaka, na akitoa nauli na malipo ya barieri, yaani vizuizi vya barabarani, faida inayobaki haifiki mbali.

Hiyo ndiyo biashara ya wanafunzi wa Masisi na Walikale kwa ufupi, iwe maharagwe, jibini, mawese au unite za simu (muda wa maongezi). Katika shule za juu za maeneo haya mawili, na miongoni mwa vijana wake wanaosomea Goma, kupata anayelipiwa kila kitu na wazazi ni kazi. Baba aliyekuwa na ng'ombe sasa yuko kambini au ameshauza. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ilihusu shule za msingi. Chuoni kila karatasi ina bei yake, kuanzia kuandikishwa hadi kutetea kazi ya mwisho, ile ambayo wengi wanaendelea kuiita TFC (travail de fin de cycle) hata baada ya mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) kutandazwa nchi nzima tangu mwaka wa masomo 2021–2022. Pesa hizo hutoka sokoni. Pamoja na hayo, sijawahi kuona takwimu ya kiserikali inayomhesabu mwanafunzi mwenye biashara kama mfanyabiashara.

Mwanafunzi mmoja wa maendeleo vijijini, aliye mwaka wa mwisho, anayenunua maharagwe na jibini upande wa Masisi na kuuza mjini, alikubali kueleza hesabu zake kwa sharti kwamba jina lake na la chuo chake yasiandikwe. Lalamiko lake halikuanza na vita. Lilianza na kalenda. Anasema hajui biashara nyingine inayonyang'anywa mtaji mara mbili kwa mwaka, tena ndani ya wiki ambazo bidhaa ni rahisi na mtaji ungekuwa na kazi ya kufanya. Mavuno ya msimu B, Juni na Julai, nayo yanakutana na mitihani ya muhula wa pili. Soko linamwambia nunua, chuo kinamwambia lipa.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Mtaji ni dola 150 na awamu ya minervali ni dola 80. Akipata faida ya asilimia 20, ambayo kwa njia ya Sake ni bahati njema, ana dola 180. Akilipa, anabaki na 100. Awamu ya pili ikimkuta na faida ya kiwango kilekile, ana 120. Akilipa, anabaki na 40. Hapo hatujamlisha, hatujalipa chumba, na hatujapiga fotokopi hata moja. Mavuno ya Julai yanafika akiwa na pesa ya magunia machache, na mnunuzi mkubwa anajua. Anayetaka kuelewa kwa nini biashara hizi hazikui, pamoja na semina zote za ujasiriamali zinazofanyika Goma, aanzie kwenye hesabu hiyo ya kutoa.

Lalamiko lake la pili ni la aibu zaidi, na alilisema akicheka. Wateja wake wa jibini ni pamoja na walimu wa chuo. Wanachukua kwa deni. Mwanafunzi gani atamfuata mwalimu anayeongoza utafiti wake na kumwambia, "Mwalimu, ile jibini ya mwezi uliopita"? Anaandika deni kwenye daftari, ukurasa wa mwisho, na anaendelea kumsalimia kwa heshima. Kwa haki ya walimu iandikwe kwamba nao mishahara yao huchelewa, na wengine hawajaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali kabisa. Hata hivyo, deni la mwenye mshahara uliochelewa limebebwa na asiye na mshahara. Anakadiria kwamba pesa iliyolala kwenye daftari hilo ingetosha kununulia magunia ya kuanzia msimu. Sikuonyeshwa daftari, na sikuomba kuliona.

Lalamiko la tatu ni barieri, na hapo ndipo mazungumzo na ofisa mmoja wa mapato yalipopindana na yake. Ofisa huyo anashikilia kwamba mfanyabiashara mdogo anadaiwa patente, yaani leseni, na ushuru wa soko, kwamba risiti moja inatosha, na kwamba wanaolalamika ni wale wasiopenda kulipa chochote. Kwenye karatasi, huenda ana haki: sheria ya Agosti 1990 kuhusu biashara ndogo haimtaki mwenye kopo la maharagwe mambo mengi. Tatizo ni kwamba barabara haijaisoma sheria hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili, vingi vikiwa vya watu wenye silaha, wa serikali na wasio wa serikali. Jetoni ya kila mwezi, "lala salama", pesa ya kamba: majina ya tozo hubadilika kila kundi jipya linaposhika kilima. Mwanafunzi wetu anasema risiti ya upande mmoja, ukiionyesha upande wa pili, inaweza kukugharimu kuliko ushuru wenyewe. Ofisa aliulizwa kuhusu hilo akajibu kwamba hali ya usalama haiko mikononi mwake. Jibu la kweli, lakini halikuhusu swali la risiti moja.

Kuna jambo moja ambalo wachumi wangepaswa kulichukulia kwa uzito. Utafiti wa mwanafunzi huyu unahusu bei za mazao katika masoko ya kila wiki. Aliposhika dodoso, wauzaji walimpa bei mbili: wanaodhani ni mtu wa ushuru walishusha, wanaodhani ni mtu wa shirika la misaada walipandisha. Aliporudi wiki iliyofuata bila karatasi, na pesa mkononi, akapata bei ya kweli kwa sababu alinunua kweli. Njiani nako mambo ni hayohayo. Karatasi yenye maswali na nafasi za kujaza majina humfanya mwenye silaha aulize unamfanyia nani kazi; gunia halimshangazi mtu. Wanafunzi wengi wa Masisi sasa hufanya enketa zao wakiwa safarini kununua, na kujaza majibu usiku, nyumbani. Mwalimu wa metodolojia angekuwa na la kusema, lakini ningeziamini bei hizo kuliko zile zinazosomwa kwenye mikutano ya kila mwezi ya mashirika, ambazo hukusanywa na mtu aliyefika sokoni na gari lenye bendera.

Kwa wenye bahati, utafiti wenyewe ni biashara. Mashirika na vyuo vya nje vinapotaka kujua idadi ya waliohama au bei ya unga, wanaotumwa vilimani na simu yenye programu ya dodoso ni wanafunzi na waliomaliza juzi. Malipo ni kwa siku, kwa dola, na siku kumi za enketa hushinda miezi ya maharagwe. Watafiti wa Bukavu wameandika kwa miaka kadhaa jinsi wakusanyaji hawa wanavyobeba hatari yote huku majina yao yakikosekana kwenye ripoti. Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, kazi hizo zimepungua, na waliozoea kuzipata wamerudi sokoni kushindana na wenzao. Mwanafunzi wetu analiona hilo kwenye bei ya jibini: wauzaji wameongezeka.

Jibini inastahili mistari yake. Utengenezaji wake ulianzishwa na wamisionari kutoka Ubelgiji, na hadi leo ndiyo bidhaa ya Masisi inayojulikana mbali zaidi baada ya madini. Kwa mwanafunzi ina uzuri ambao maharagwe hayana: hubebeka kwenye mfuko wa vitabu, haiozi upesi, na mnunuzi wake ana mshahara. Ubaya ni kwamba inategemea malisho, na malisho yanategemea amani. Ng'ombe wanapoporwa, kama walivyoporwa mara nyingi katika vilima hivyo, maziwa hukatika siku hiyohiyo.

Halafu kuna Rubaya, mji wa machimbo ndani ya Masisi, unaovuta pesa na vijana kwa pamoja. Machimbo yake hukadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantali ya dunia. Baada ya kundi la waasi la M23 kuyateka mwaka 2024, wataalamu wa kimataifa walikadiria mwishoni mwa mwaka huo kwamba tani 120 za koltani zilikuwa zikitoka kila mwezi, na kwamba ushuru wake uliingizia kundi hilo dola 800,000 kwa mwezi angalau. Mwanafunzi anayeuza unga au unite huko hupata faida asiyoweza kuipata Masisi-kati, kwa kuwa mchimbaji aliyelipwa jana hapatani sana bei. Wapo wanaokwenda kutafuta minervali likizoni na hawarudi darasani. Idadi yao haijulikani. Vyuo huwaandika kama walioacha masomo, bila kuuliza sababu.

Walikale ni hadithi nyingine, na umbali ndio unaoitofautisha. Eneo hilo ndilo kubwa kuliko yote ya Kivu Kaskazini, ni msitu mtupu, na bei zake zimekuwa za juu tangu enzi ndege zilipokuwa zikitua kwenye lami ya Kilambo, zikileta bia na samaki na kuondoka na kasiterite, madini ya bati. Leo njia ya Goma ikikatika, mzigo hupitia Lubutu kutoka Kisangani. Mwanafunzi wa Walikale husafirisha mawese kwa bidoni na kurudi na sabuni, daftari, chumvi. Soko lake halisi ni Mubi na Ndjingala, na soko hilo huishi kwa mishahara ya Bisie, ambako mgodi wa viwandani ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Uchimbaji uliposimama Machi 2025, vita vilipokaribia, wenye vibanda waliokuwa wamejaza bidhaa kwa deni walibaki nazo. Uzalishaji ulirejea kuanzia mwezi uliofuata. Madeni hayakufutwa.

Ukimuuliza ofisa kuhusu Walikale, atataja mgodi huo kama ushahidi kwamba uchumi uko hai. Uko hai, sawa. Ila ni uchumi wa mteja mmoja, na muuza daftari wa Mubi hana njia ya kujua mteja huyo atafunga lini.

Yupo mwanafunzi aliyefaidika na misukosuko: mwenye kabini, kibanda cha pesa ya simu. Benki za Goma zilipofungwa kwa sababu ya vita mwishoni mwa Januari 2025, pesa ya simu ikawa ndiyo benki, na kamisheni ya kutoa noti taslimu ikapanda. Mwenye noti alikuwa mfalme, mradi ziwe nzima, maana zilizochanika zilikataliwa sokoni. Kabini haihitaji mavuno. Haihitaji barabara. Inahitaji simu mbili, mtaji unaozunguka kila siku, na uvumilivu wa kusoma silabasi huku unahudumia wateja. Kasoro yake ni kwamba kila mtu ameigundua, na kwenye mlango wa chuo kimoja cha Goma vimwavuli vya kabini sasa vinagusana.

Kuhusu msimu ujao, makadirio hayaafikiani. Ofisa anatazamia mapato ya masoko yapande, bila kutoa msingi wa matazamio hayo. Wanunuzi wakubwa wa Sake wanasema mavuno yatategemea ni wakulima wangapi walirudi mashambani wakati wa kupanda, na hilo hubadilika kijiji kwa kijiji. Baadhi ya wanafunzi wamejaribu kuingia katika vikundi vya AVEC, vya kuweka akiba na kukopeshana, ili wakopeshwe minervali badala ya kuuza mzigo mapema. Mkopo wa AVEC hata hivyo hurudishwa ndani ya miezi michache, na maharagwe yanaweza kuhitaji zaidi ya hiyo. Wazo la chuo kupokea minervali baada ya bei kupanda, badala ya wakati wa mavuno, halijapata wa kulitetea. Mwalimu mmoja alilicheka, akisema chuo nacho kina mafundi na wenye nyumba wanaokidai.

Muuza maharagwe wetu amekata shauri. Akitetea TFC yake, magunia anayaacha na mtaji uliobaki unakwenda kwenye unite. Kwa hesabu zake hilo lina mantiki. Kwa mkulima wa Mweso lina maana kwamba Februari ijayo, barabara ikiwa mbovu na gunia likiwa tayari limefungwa, mnunuzi mdogo aliyekuwa akipanda hadi kilimani hatakuwepo, na bei itapangwa na mwenye lori.