Fahamu Wajibu wa Mwalimu wa Darasa katika Kumtambua Mwanafunzi Mwenye Mahitaji Maalum

Kila mwezi Januari, mwalimu wa darasa la kwanza katika Kata ya Mtoni, Wilaya ya Temeke jijini Dar es Salaam, hupokea watoto wengi asiowafahamu. Miongoni mwao huweza kuwamo mtoto asiyeitika anapoitwa jina, anayekosea kila anaponakili kutoka ubaoni au asiyetulia kwenye dawati. Kabla mtoto huyo hajaitwa mvivu au mtukutu, mwalimu anapaswa kujiuliza: je, mtoto anaona, anasikia na anaelewa kinachofundishwa?

Swali hilo ndilo msingi wa elimu maalum, nalo halimhusu mtaalamu peke yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kupata elimu sawa na wengine. Aidha, mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, unaosisitiza elimu jumuishi, yaani mtoto kusoma pamoja na wenzake huku shule ikirekebisha mazingira na ufundishaji ili yamfae.

Zipo shule zenye uzoefu wa kuwahudumia wanafunzi hao, zikiwemo Uhuru Mchanganyiko na Buguruni Viziwi za jijini Dar es Salaam. Walimu wa elimu maalum nao huandaliwa katika vyuo kama Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha. Hata hivyo, mtoto ambaye ulemavu wake haujatambuliwa hupelekwa shule iliyo karibu na nyumbani, na anayemwona wa kwanza ni mwalimu wa darasa la kawaida.

Dalili za awali zinaweza kuonekana bila kifaa chochote. Mtoto mwenye uoni hafifu husogeza daftari karibu na macho, hukunja uso anapotazama ubao au hutegemea kunakili kwa jirani. Mwenye usikivu hafifu hutazama sana midomo ya msemaji, huomba kurudiwa maelezo au hufuata wenzake wanachofanya badala ya kufuata maagizo. Sikio linalotoa usaha lisipuuzwe, kwa kuwa maambukizi yasiyotibiwa huweza kupunguza usikivu, ilhali yakiwahiwa hutibika. Mtoto mwenye ulemavu wa akili huchelewa kushika mambo ambayo wenzake wa rika lake wameyamudu. Mwenye usonji huweza kupata ugumu katika mawasiliano na kutaabika ratiba inapobadilishwa ghafla.

Mwalimu akiona dalili hizo hatakiwi kutamka kwamba mtoto ana ulemavu. Wajibu wake ni kuandika alichokiona, siku na mazingira yake, kuzungumza na mzazi au mlezi kwa faragha, kisha kumjulisha Mwalimu Mkuu ili mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya na ofisi inayosimamia elimu maalum katika halmashauri ijulishwe kwa ajili ya upimaji.

Wakati upimaji ukisubiriwa, masomo hayasimami. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu akae mbele, maandishi ubaoni yawe makubwa na mwalimu asome kwa sauti anachoandika. Mwenye ualbino akae mbali na dirisha linalopitisha mwanga mkali, na akiwa nje avae kofia pana na nguo za mikono mirefu. Kwa mwenye usikivu hafifu, mwalimu amtazame anapozungumza, wala asifundishe huku amegeukia ubao. Darasa lililo karibu na barabara yenye magari mengi, kama Barabara ya Kilwa inayopita Mtoni, linahitaji uangalifu zaidi, kwani kelele humwathiri mtoto huyo kuliko wenzake. Mwenye ulemavu wa akili agawiwe kazi katika hatua fupi, atumie vitu halisi kama vizibo na vijiti katika kuhesabu, na apongezwe kwa kila hatua anayoifikia.

Marekebisho mengi kati ya hayo hayahitaji fedha, na huwanufaisha pia wanafunzi wasio na ulemavu. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, mwalimu anaweza kuanza na mpangilio wa kukaa na kumpangia mtoto mwenzake wa kumsaidia.

Kuchelewa kumtambua mtoto kuna gharama. Katika mitihani ya Taifa, watahiniwa wenye mahitaji maalum huwekewa utaratibu unaowafaa, ikiwemo karatasi za nukta nundu au maandishi makubwa pamoja na nyongeza ya muda. Mtoto ambaye shule haikumtambua hufanya mtihani bila msaada huo, na matokeo yake huhesabiwa kuwa kipimo cha akili yake wakati kilichopimwa ni macho au masikio yake.

Wazazi na walezi wanahimizwa kutowaficha watoto wenye ulemavu, kuwaandikisha shule kwa wakati na kuwaeleza walimu hali zao tangu siku ya kwanza. Taarifa ya mzazi ikiungana na jicho la mwalimu, mtoto husaidiwa mapema, kabla hajakata tamaa na kuiacha shule.