Seramu ya Vitamini C Inapofika Lodwar

Chupa ndogo ya seramu ya vitamini C hufika Lodwar, Turkana, ikiwa imechoka. Hupakiwa Kitale kwenye buti la basi, ikapita Kainuk na Lokichar, safari ya kilomita 300 hivi, kisha ikapangwa kwenye duka lenye paa la mabati. Ikiwa mteja yuko Kakuma, huongezewa kilomita 120 hivi. Joto la mchana Lodwar huwa karibu nyuzi 35, na chini ya bati hupanda zaidi. Kwa anayetunza uso kwa utaratibu wa Kikorea, safari hiyo ina uzito zaidi kuliko idadi ya hatua anazofuata kila asubuhi.

Miale ya urujuanimno ikipiga ngozi, huzalisha molekuli korofi za oksijeni. Hizo hunyang'anya elektroni popote zinapozikuta: kwenye kolajeni inayoshikilia ngozi, kwenye mafuta ya utando wa seli, hata kwenye DNA. Antioksidanti huziwahi na kuzipa elektroni zake zenyewe. Aliyewahi kusahau kibuyu cha samli juani anaijua harufu ya mchakato huo, kwa sababu mafuta huchacha kwa kuoksidishwa vivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba vitamini C haichagui. Huipa hewa elektroni zake ndani ya chupa, mwanga na joto vikiharakisha, kabla haijagusa shavu la mtu. Mwaka 2001, Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba asidi ya askobiki, yaani vitamini C yenyewe, hupenya ngozi vizuri pale tu pH inaposhuka chini ya 3.5, na kwamba kuizidisha kupita asilimia 20 hakuongezi faida. Mwaka 2005 kundi hilo liliongeza asidi ya feruliki kwenye mchanganyiko wa vitamini C na E. Mchanganyiko ukatulia, na kinga yake dhidi ya jua, iliyopimwa kwenye ngozi ya nguruwe, ikapanda kutoka mara nne hadi mara nane.

Kwa hiyo mnunuzi aangalie rangi kwanza. Seramu nzuri ya asidi ya askobiki huwa angavu au ya manjano hafifu. Ikishageuka rangi ya strungi, vitamini yenyewe imekwisha na kilichobaki hakistahili bei yake. Chupa iwe ndogo, ya kioo cheusi au isiyopitisha hewa, itumike na kuisha upesi. Nyumba nyingi za Kakuma hutegemea sola au jenereta na hazina friji, hivyo pahali pake ni kivulini, karibu na mtungi wa maji, wala si dirishani.

Wengi wa Turkana wangefaidika zaidi na niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3. Joto haliisumbui sana. Huimarisha kinga ya ngozi isipoteze maji, jambo kubwa penye upepo mkavu na vumbi, tena hupunguza melanini inayopelekwa kwenye seli za juu, hivyo madoa yaachwayo na chunusi hufifia polepole. Inapatikana kwenye seramu nyingi za Kikorea, wakati mwingine pamoja na chai ya kijani ya kisiwa cha Jeju. Mmea huo wa chai ndio unaolimwa Kericho, na mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kenya walitoa aina ya zambarau, TRFK 306, yenye antosianini nyingi, ambazo nazo ni antioksidanti.

Zile hatua kumi za Kikorea zinazosifiwa hazina ulazima, hasa maji yakiwa ya kubeba kwa jerikeni. Asubuhi panatosha kunawa, kupaka seramu, krimu nyepesi, kisha losheni ya kukinga jua. Hiyo ya mwisho isiachwe kamwe, kwa kuwa antioksidanti husafisha yaliyopenya tu na haizuii miale. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, inayokadiriwa kuwa sawa na ya losheni yenye SPF 13, lakini hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho hukoleza madoa yake.

Hapo ndipo losheni zenye rangi huzishinda zile nyeupe: zina oksidi za chuma, zinazozuia mwanga huo. Kina mama wa Kiturkana wamejipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta tangu zamani, na wekundu wa udongo huo ni oksidi ya chuma. Wasomali wa Kakuma nao wana qasil ya kunawia uso na manjano ya kupaka, yenye kurkumini, antioksidanti nyingine. Mila hizi zinastahili heshima kuliko krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku na Shirika la Viwango la Kenya na bado zinauzwa kichinichini.

Mwenye ualbino asitegemee seramu yoyote. Yeye anahitaji losheni ya kukinga jua, ambayo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huigawa bure kwa waliosajiliwa, pamoja na kofia pana na nguo za mikono mirefu. Kidonda cha usoni au mdomoni kisichopona ndani ya wiki nne kipelekwe hospitalini bila kupakwa chochote cha dukani.