Daraja la biashara halimwongezei mgonjwa oksijeni

Wapo wanaojinyima ili mgonjwa wao anayetoka Dar es Salaam kwenda kutibiwa Nairobi akae daraja la biashara, wakiamini huko mbele atapumua vizuri zaidi. Je, ni kweli?

Hapana. Kiti ni kipana na miguu inapata nafasi, lakini mgandamizo wa hewa ni uleule ndege nzima. Ni sawa na kuwa mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo kila abiria hupata oksijeni kidogo kuliko kawaida. Mwenye afya njema hasikii kitu. Lakini mwenye ugonjwa mkubwa wa mapafu au moyo, upungufu mkubwa wa damu au selimundu anaweza kuzidiwa, hata kwa safari ya saa moja na nusu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia tiketi muulize daktari mambo mawili: mgonjwa anaweza kupanda ndege? Atahitaji oksijeni njiani? Kisha lijulishe shirika la ndege mapema, si siku ya safari. Kiti cha magurudumu huombwa hata kwa abiria wa daraja la kawaida.

Daraja la biashara linaweza kumfaa aliyefungwa P.O.P mguuni au anayepata maumivu akikaa kwa kubanwa. Kama sivyo, fedha hiyo itunzeni kwa vipimo na dawa.