Kazi ya Mungu katika Matanga ya Wachaga Walutheri

Hakuna msemo wa Wakristo wa Kilimanjaro unaohukumiwa vibaya na wageni kuliko ule unaosikika karibu kila msibani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Wapo wageni, na wapo pia vijana wa Kichaga waliosomea mbali, wanaouona kuwa ushahidi wa watu waliokata tamaa, ambao wakifiwa hukunja mikono na kumwachia Mungu hata maswali ambayo angepaswa kuulizwa daktari au polisi. Hukumu hiyo hutolewa na watu waliousikia msemo nje ya mahali pake, yaani nje ya matanga, siku zile ambazo ndugu, majirani na waumini wenzao hukaa nyumbani kwa wafiwa mchana na usiku. Na kwa kuwa matanga yenyewe yanafupishwa mwaka hadi mwaka, haishangazi kwamba hata watoto wa nyumbani sasa wanausikia kama wageni.

Wachaga walimjua Mungu kwa jina la Ruwa, ambalo ni jina la jua pia, kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika Machame mwaka 1893. Hata hivyo, kifo cha mtu mzima, hasa aliyekuwa bado na nguvu zake, hakikuwekwa mikononi mwa Ruwa moja kwa moja. Kilitafutiwa mkosaji: mizimu iliyonyimwa haki yake, jirani mwenye kijicho, au mtu aliyevunja chungu, maana yake aliyeulaani ukoo mzima kwa kiapo kilichoogopwa kuliko silaha. Mganga aliulizwa, jina likatajwa, na msiba mmoja ukazaa uhasama wa vizazi. Kwa hiyo mzee wa kanisa, yaani muumini aliyechaguliwa kuwatunza Wakristo wa eneo lake, anaposimama mbele ya ukoo na kusema kwamba uhai wa marehemu ulikuwa mkononi mwa Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, hafanyi kazi ya faraja peke yake. Anafunga pia shauri: shangazi aliyegombana na marehemu mwezi uliopita hatanyooshewa kidole, na jirani anayedaiwa mpaka wa shamba ataweza kushika jembe na kuchimba kaburi pamoja na wengine bila kutazamwa kwa jicho la shaka. Minong'ono haijaisha, na hakuna Mchaga mkweli atakayedai imeisha, lakini imenyimwa ruhusa ya kusemwa hadharani, na hilo si jambo dogo.

Mafundisho yanayoubeba msemo huo huanza mapema, katika darasa la kipaimara, ambamo vijana huandaliwa kushiriki Meza ya Bwana. Humo hukariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo katika kueleza imani juu ya Mungu Muumba hutaja macho na masikio, nguo na viatu, chakula na nyumba, mashamba na mifugo, na kufundisha kwamba vyote hivyo, pamoja na ulinzi katika hatari, hutoka kwa wema wa Baba na si kwa stahili ya mpokeaji. Miaka minne kabla ya hapo Luther alikuwa ameandika pia, katika kitabu kingine, juu ya Mungu aliyejificha, ambaye mapenzi yake hayachunguziki na ambaye mwamini hashauriwi kumpeleleza. Ashike tu yale ambayo Mungu amejifunua kwayo katika Kristo aliyesulubiwa. Mama wa Kidia au wa Mwika hahitaji kulijua jina la kitabu hicho ili aishi ndani ya fundisho lake. Akimzika mwanawe hapewi sababu ya kifo, wala hadai kuijua. Anachoshikilia ni kwamba aliyemchukua mtoto ndiye yule yule aliyempa, na kwamba haki ya kumlilia na kumuuliza Mungu huyo anayo, kama Ayubu alivyokuwa nayo na kama watunga Zaburi walivyoitumia bila kuona haya.

Haki hiyo ya kulia ndiyo kiini cha usiku wa matanga, na ndiyo inayostahili kuelezwa kuliko yote. Jua likishazama, wanawake huketi juu ya mikeka na magodoro yaliyotandikwa sakafuni, wakimzunguka mfiwa mkuu, naye hukaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, kanga mabegani. Wanaume huwa nje, migombani, kandokando ya moto. Hakuna ratiba. Mtu mmoja huanzisha wimbo, mara nyingi mama mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, na kabla ya mstari wa pili sauti nne zimekwisha kujipanga, besi ikitokea nje kwa wanaume kupitia dirishani, kwa kuwa nyimbo za Kilutheri, nyingi zikiwa zimekuja na Wajerumani, zinajulikana kwa moyo beti zote. Ubeti ukimgusa mfiwa akaangua kilio, hakuna anayemnyamazisha, na wimbo nao haukatizwi. Hushushwa tu, ukaimbwa kwa chini hadi kilio kipungue, kisha ukapandishwa tena. Anayekuja hutoa pole, hutamka kwamba kazi ya Mungu haina makosa, halafu huketi, akakaa hadi alfajiri. Kukaa huko ndiko kunakoupa msemo haki ya kutamkwa. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno, wakaharibu walipoanza kueleza.

Mazishi yenyewe hufanyika kihambani, yaani katika shamba la migomba na kahawa linalorithiwa ndani ya ukoo, na hapo desturi ya kale na imani ya sasa zimeshikana kwa namna ambayo wahubiri wachache wangeweza kuibuni. Sale, mmea wa majani marefu uliotumiwa na Wachaga tangu zamani kuomba msamaha na kuweka mipaka, hupandwa kaburini kando ya msalaba. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi Old Moshi kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka 1938, alishikilia kwamba kanisa la mlimani lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Mengi katika maandishi yake yanaweza kupingwa, lakini aliyekesha matanga hawezi kupinga hilo.

  

Lipo kosa ambalo wakosoaji wameliona sawasawa. Msemo huu hutumiwa pia na wenye hatia kujifichia. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imepakia kupita kiasi, mamia ya watu walikufa. Kuiita ajali hiyo kazi ya Mungu na kuishia hapo kungekuwa kumsingizia Mungu uzembe wa binadamu, na mafundisho ya kipaimara hayamruhusu Mlutheri kufanya hivyo, kwa sababu Amri ya Tano inadai uhai wa jirani ulindwe. Lakini dawa inayouzwa sasa na wahubiri wa mafanikio, wanaofundisha kwamba mwenye imani ya kutosha haugui wala hafi kabla ya uzee, ni mbaya kuliko ugonjwa. Mwezi Februari 2020, mjini Moshi kwenyewe, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Fundisho hilo linarudisha lile swali la zamani la nani amekosa, safari hii likimwelekea marehemu na imani yake haba, na mjane anaachwa na msiba pamoja na lawama.

Wakati huo huo matanga yanapungua. Jamaa walioko Dar es Salaam husafirisha mwili kwa basi la kukodi, huzika siku inayofuata, hufanya kikao cha familia jioni hiyo hiyo na kuondoka alfajiri, kwa kuwa kazini wamepewa siku tatu. Na hakuna wa kuwalaumu. Linalouma ni jinsi kamati za mazishi zinavyochagua cha kukata, maana zikibanwa na fedha hupunguza usiku wa kukaa na wafiwa, ambao haugharimu zaidi ya chai na kuni, huku bajeti ya turubai na chakula cha siku ya maziko ikipitishwa bila kuguswa.