Baiskeli ya matairi manene: pima goti kabla ya kupima tairi

Mwalimu mmoja wa miaka 38 alikuja kwenye kliniki yangu akilalamikia maumivu ya magoti yote mawili. Hakuwa ameanguka, wala hakuwa na baridi yabisi. Nilipomwuliza anafanya zoezi gani, alinieleza kwa fahari kwamba amenunua baiskeli ya matairi manene, ile iliyoundwa kwa ajili ya theluji, na kila Jumamosi huipanda kutoka Naro Moru kuelekea msituni. Nilimwomba ailete. Tatizo lilionekana hata kabla hajashuka.

Wasomaji wa Nanyuki na Karatina pia wamekuwa wakiniuliza kama baiskeli hizi zinafaa. Tairi la Black Mamba, ile tuliyozoea kuona ikibeba maziwa na makaa, lina upana wa inchi moja na nusu hivi. La baiskeli ya milimani ni inchi 2 hadi 2.4. Hili nene hufika inchi 4 au 5, na hujazwa upepo kidogo sana ili lilale juu ya theluji badala ya kuzama. Mtu wa Alaska ana sababu nzuri ya kulinunua. Sisi je? Theluji yetu iko karibu na vilele, kwenye majabali ambako hata kutembea ni kazi. Chini yake tuna mawe, mizizi, na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hunata na kujaa kwenye tairi. Kwenye mchanga wa Laikipia tairi nene husaidia kweli. Kwa wengine wote, la inchi 2.4 lenye meno marefu linatosha, na mzigo wa kusukuma mlimani huwa mwepesi.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Tairi likiwa nene, kanyagio nazo hulazimika kuachana zaidi: kutoka sentimita 17 hivi hadi 20 au zaidi. Kwa mtu mwembamba wa nyonga, goti halifuati tena mstari wa mguu, na baada ya kukanyaga mara maelfu linaanza kulalamika. Kwa hivyo omba kuiendesha nusu saa kabla ya kulipa.

Kisha angalia kiti. Ukikalia, weka kisigino kwenye kanyagio iliyo chini kabisa; mguu unapaswa kunyooka. Kiti cha mwalimu wangu kilikuwa chini mno. Tulikiinua sentimita 4, akapumzika wiki mbili, na maumivu yakapungua. (Kuiuza amekataa kabisa.) Ukisimama wima juu ya fremu, pawe na nafasi ya vidole vitatu au zaidi, la sivyo siku ya kusimama ghafla utajuta. Ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono: inua usukani na ubadilishe mshiko mara kwa mara. Ganzi sehemu za siri isipuuzwe kwa aibu, badilisha kiti.

Breki ndizo ningelipia kwanza. Kupanda huchosha, lakini mteremko ndio huniletea mitulinga iliyovunjika. Breki zinazobana rimu hupoteza nguvu zikilowa. Za diski hushika hata kwenye matope. Kofia ngumu ni lazima.

Halafu kuna hewa. Lango la Sirimon liko meta 2,650, na kambi ya Old Moses iko meta 3,300, ambako oksijeni ni kama thuluthi mbili ya ile ya Mombasa. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, usipande zaidi. Mwenzako akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema hata akiwa amekaa, mteremshe mara moja, hata kama ni usiku. Beba sweta kavu pia, kwa maana jasho la kupanda hugeuka barafu mwilini wakati wa kuteremka jioni.

Wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza. Wenye pumu wabebe dawa yao ya kuvuta mfukoni, si kwenye mkoba uliofungwa nyuma ya kiti.