Jicho Halibadilishwi Kama Nywila

Mwishoni mwa Julai 2023, foleni ndefu zilionekana nje ya jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi. Watu walikuwa wamekuja kutazama ndani ya kifaa cha mviringo cha mradi wa Worldcoin, ili kipigwe picha kile kiduara chenye rangi kinachozunguka mboni ya jicho. Aliyekubali aliahidiwa sarafu 25 za kidijitali, ambazo thamani yake wakati ule ilikuwa takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, akaisimamisha shughuli hiyo.

Lawama nyingi zilizofuata ziliwaangukia waliopanga foleni. Walisemwa kwamba ni watu wa tamaa, wasiojua thamani yao, wavivu wa kusoma masharti. Naikataa lawama hiyo, na nitaeleza kwa nini hata sheria ya Kenya inaikataa. Lakini kwanza tuelewe kilichochukuliwa.

Kiduara hicho cha jicho kina mistari na vishimo vidogo vilivyojipanga kabla mtu hajazaliwa, na mpangilio wake haubadiliki sana maisha yake yote. Jicho la kulia halifanani na la kushoto. Hata pacha wa kufanana hutofautiana hapo. John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge ndiye aliyebuni njia ya kuugeuza mpangilio huo kuwa msururu wa sifuri na moja, jumla yake 2,048. Kompyuta inapolinganisha misururu miwili, huhesabu nafasi ambazo haikubaliani. Misururu ya macho mawili tofauti hutofautiana karibu nusu ya nafasi zote, ilhali ya jicho lilelile hutofautiana kidogo tu. Hivyo mtu mmoja anaweza kutambuliwa kati ya mamilioni kwa muda mfupi mno.

Waanzilishi wa Worldcoin, akiwemo Sam Altman ambaye pia ni mkuu wa OpenAI, walisema lengo lao ni kumwezesha mtu kuthibitisha kwamba yeye ni binadamu, sasa ambapo programu za akili mnemba zinaandika na kuzungumza kama watu. Hitaji hilo ni la kweli. Walisema pia kwamba picha yenyewe hufutwa ikabaki ile namba iliyotokana nayo, isipokuwa kwa mtu aliyekubali picha zake zihifadhiwe zisaidie kuifundisha mitambo yao. Hapo ndipo msomaji anapaswa kusimama kidogo. Namba inayotosha kukutofautisha na binadamu wengine wote bado ni taarifa yako binafsi, hata kama haina jina wala sura. Na ikivuja, huna la kufanya. Kufuli likivunjwa utanunua jingine. Jicho hulipati dukani.

Sasa turudi kwenye ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iliyo wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, inayotolewa na mtu aliyeelezwa akaelewa. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa hiyo ilipatikana uko kwa anayekusanya data. Raia hahitaji kuthibitisha lolote. Katika mji ambao shilingi 7,000 ni kodi ya nyumba ya mwezi kwa familia nyingi, kumwekea mtu kiasi hicho mbele ya kamera kisha kuuita mguso wake wa skrini kuwa ni hiari ni kumdhulumu. Aliyepanga foleni kutafuta kodi hakukosea. Aliyekosea ni aliyejua shida hiyo akaifanya kuwa mlango wa kuingilia.

Hata hivyo, kwa maoni yangu ridhaa si kinga kubwa kuliko zote. Kinga yenye nguvu zaidi haizungumzwi sana: kifungu cha 31 cha sheria hiyohiyo kinachodai tathmini ya athari kabla ya kuanza shughuli yoyote inayoweza kuhatarisha sana haki za watu. Anayekusanya anatakiwa aandike atachukua nini, kwa sababu gani, hatari zipo wapi, na atazipunguza vipi. Kazi hiyo inafanyika kabla raia hajaulizwa neno, kwa hiyo haitegemei kama ana njaa au ameshiba, kama amesoma masharti au hakuyasoma.

Serikali yenyewe ilikwishafundishwa somo hilo. Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah wa Mahakama Kuu aliharamisha utoaji wa kadi za kitambulisho za Huduma kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa. Kesi ile ililetwa na Taasisi ya Katiba, taasisi ileile iliyoifikisha Worldcoin mahakamani pia. Mei 2025, Jaji Roselyne Aburili aliamua kwamba data za kibayometriki zilikusanywa bila tathmini stahiki, na kwamba ridhaa ilivutwa kwa ahadi ya sarafu. Akaamuru zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data.

Ni ushindi mkubwa, lakini tazama ugumu wake. Takribani miaka miwili ilikuwa imepita. Data iliyovuka mipaka huweza kunakiliwa mara nyingi, na kama picha ilikwishatumika kuufundisha mtambo, kuifuta picha hakuufanyi mtambo usahau ulichojifunza. Raia wa kawaida hana njia ya kuingia kwenye seva iliyo ng'ambo akajionea.

Hata hivyo, nchini Kenya yeyote aliyechukuliwa data anaweza kuiandikia kampuni akitaka kujua wanachoshikilia kumhusu na kudai kifutwe. Wasipomjibu, apeleke malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka ayachunguze na kuyahitimisha ndani ya siku 90. Katika barua yake asiache kuuliza swali moja: tathmini ya athari ilifanywa lini, na inaonekana wapi?