Mficha Maradhi ni Mwalimu

Kila mwaka huwafunza wanafunzi wangu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Huichambua methali hiyo kwa mapana: muundo wake, maana yake na matumizi yake. Muhula uliopita ilinigeukia mimi.

Mwanafunzi wetu mmoja alifariki ghafla. Wenzake walipolemewa na majonzi, niliombwa niongoze kikundi chao cha ushauri nasaha, kikutane mara moja kwa wiki. Nilikataa. Nilijitetea kwamba mimi ni mwanaisimu, si tabibu wa nyoyo. Ukweli ni kwamba nilichelea kutokwa na machozi mbele ya vijana ninaowasahihishia mitihani. Nao, kama nilivyokuja kuambiwa, walichelea siri zao zisije zikawafuata hadi ofisini kwangu.

Sehemu ya kosa naibebesha lugha. Tukisema 'ushauri' au 'nasaha', twadhani sharti awepo mjuzi wa kumwaga hekima na wengine wa kuipokea. Kumbe sivyo. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, vijiji 15 viliundiwa vikundi vya kutibu sonona. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, dakika 90 kila wiki kwa muda wa wiki 16. Viongozi walikuwa wenyeji wasio matabibu, waliofunzwa kazi hiyo kwa wiki mbili tu. Watafiti waliyazingatia maneno ya Kiganda yenyewe, yokwekyawa na okwekubazida, yaani kujichukia na kujihurumia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kuwa dalili zilipungua sana kuliko katika vijiji 15 visivyokuwa na vikundi.

Basi udhuru wangu wa kutokuwa tabibu umeanguka. Hofu ya wanafunzi kuhusu siri haijaanguka, wala haifai kupuuzwa: mhadhiri asiongoze kikundi cha wale anaowatahini. Kwa hivyo nimependekeza tubadilishane na walimu wa idara nyingine, tufunzwe kwanza, na kabla ya kumwongoza yeyote tuketi sisi wenyewe katika duara letu, kila mmoja aseme lake na kuyahifadhi ya mwenziwe.

Wenzangu wawili wameshakataa. Wanasema wao ni walimu, si matabibu. Siwalaumu, maneno hayo nayafahamu, kwani yalikuwa yangu.